Punje, sega, misuko au ribu nene: mfumo upi kwa kizibao bwanga cha kipupwe?

Kizibao cha kwanza nilichomfumia mama mkwe wangu kilikuwa cha ribu nene, uzi wa kahawia, upana sentimita 60 na urefu 64. Nilikipeleka mwenyewe Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu, mwishoni mwa Juni, sakitu ikiwa imeshaanza kuunguza majani ya viazi. Alikivaa palepale na hakukivua mpaka wakati wa kulala. Nilipopanda tena kwenda Makete Agosti nilikuta kinamfika mapajani. Nikakilaza mezani na kukipima: sentimita 78. Matundu ya mikono yalikuwa yameteremka karibu na kiuno, na baridi ilikuwa inaingilia hapohapo. Mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, joto kinanipa, lakini jioni mabega yanachoka."

Uzi haukuwa na kosa, na vipimo vilikuwa sahihi. Nilikosea pale nilipochagua mfumo kwa macho, nikiwa nimekaa zangu Mbeya mjini, bila kujiuliza atakayekivaa anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani, anafulia wapi na anaanika juu ya nini. Kizibao bwanga hakibani popote. Hakishikwi na kifua wala kiuno, kinaning'inia kwenye mabega tu, kwa hiyo kila gramu ya uzi unayoongeza inavuta kwenda chini mchana kutwa. Tangu siku ile, kabla sijapandisha vitanzi vya kwanza kwenye sindano, nafikiria uzito na mahali kwanza.

Kipupwe kikikaribia, watu walioshika mabonge yao ya uzi huniuliza swali lilelile: nifume mfumo gani? Mifumo yenye mikunjo na vinundu iko mingi, lakini kwa kizibao kipana cha mtu mzima naona minne ndiyo inayowachanganya wengi. Hapa naiweka yote kwenye mizani moja.

Mifumo yenyewe

Majina hutofautiana kutoka fundi mmoja hadi mwingine, basi nieleze kila mfumo unavyofumwa ili tusipotezane. Nikisema kitanzi cha kawaida, uzi uko nyuma ya sindano na kitanzi kinatoka laini. Nikisema kinyume, uzi uko mbele na kinatoka kinundu.

Punje: kawaida 1, kinyume 1, hadi mwisho wa safu. Safu inayofuata, kitanzi kinachokutazama kwa kinundu kifume kawaida, na kilicho laini kifume kinyume. Kitambaa kinatoka kama ulezi uliotawanywa juu ya ungo, na pande zote mbili zinafanana.

Sega: pandisha vitanzi vinavyogawanyika kwa 3, kisha ongeza 1. Safu ya 1 ni kinyume 1, kawaida 2, unarudia na kumalizia kinyume 1. Safu ya 2 ni kawaida 1, kinyume 2, unarudia na kumalizia kawaida 1. Safu ya 3 ni kama ya 1. Safu ya 4 yote kawaida. Unapata vishimo vya mraba vilivyopangana.

Misuko: ni mistari ya vitanzi laini inayopishana kama nywele zilizosukwa. Kwa msuko wa vitanzi 6, vitanzi 3 unaviweka pembeni kwenye sindano fupi, unafuma 3 vinavyofuata, kisha unarudi kwenye vile vya pembeni. Unafanya hivyo kila baada ya safu 8, na katikati ya msuko na msuko unaacha vitanzi vya kinyume ili msuko uinuke. Masweta ya visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, yamejulikana duniani kwa mtindo huu.

Ribu nene: vitanzi shufwa, safu ya kwanza yote kinyume. Baada ya hapo kila safu ni ileile: kinyume 1, kisha kitanzi kinachofuata usikiingie chenyewe, ingiza sindano kwenye tundu la kile kilicho chini yake na ufume kawaida, ukiviachia vyote viwili vidondoke pamoja. Unarudia, na vitanzi viwili vya mwisho vyote ni kinyume. Mabonde na matuta yanayotokea ni ya kina, na kitambaa ni laini kama mto.

Tunaipima kwa vigezo gani

Kuna mambo matano. Joto, na hapo napima pia upepo. Kiasi cha uzi kinacholiwa. Ugumu wa kazi na muda wake. Mkao wa nguo baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa. La tano ni kufua na kukausha, jambo ambalo mtu wa Tukuyu, kwenye mvua na ukungu, analielewa kuliko mimi. Nyote mnaweza kuwa na uzi uleule na sindano zilezile za milimita 5, mkaipima mifumo kwa mambo haya matano mkafika kwenye majibu tofauti, kila mmoja akiwa sahihi kwake.

Joto na upepo

Kinachotupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa. Uzi wenyewe ni kama ukuta tu, kazi yake ni kuizuia hewa ile isitoroke. Ukishalielewa hili, mambo mengi yanajipanga.

Ribu nene inanasa hewa nyingi kuliko mifumo mingine yote hapa. Kaa nayo sebuleni au jikoni jioni ya Julai, pale Mbeya inaposhuka chini ya nyuzi joto 10, utajua kwa nini watu wanaipenda. Lakini ina macho mapana, na ukiinyoosha kidogo unaona mwanga upande wa pili. Upepo ukiipata, hewa yote iliyonaswa inapeperushwa. Iringa mjini ndiko nilikojifunza hili vizuri: nilisimama kituoni kusubiri gari, upepo unatoka bondeni, na kizibao changu kizito kikawa kama neti.

Sega linanasa hewa ndani ya vishimo vyake, na kwa kuwa kitambaa kinagusa mwili kwenye kingo tu, linapata joto jingi kwa uzi wa wastani. Kwenye upepo liko katikati. Punje ni nyembamba zaidi, joto lake ni la kiasi, ila vitanzi vyake vimebanana na upepo haupenyi kirahisi. Pia inaingia vizuri chini ya jaketi. Ribu nene na sega ukivibana chini ya jaketi, hewa inatoka, na ule uzi wote uliouongeza unabaki mzigo mtupu.

Misuko inatoa joto la namna yake, kwa sababu pale vitanzi vinapopishana kitambaa kinakuwa cha tabaka mbili. Ukiweka misuko mingi kifuani na mgongoni unapata ngao nzuri. Ukiweka mmoja tu katikati kwa ajili ya urembo, joto lako litategemea ulichofuma pembeni yake.

Uzi unaoliwa

Hapa sitaki uniamini mimi, nataka upime, maana mkono wa kila mfumaji una kukaza kwake. Kata mita 10 za uzi mara nne. Kwa kila kipande pandisha vitanzi 24 (25 kwa sega, ili hesabu ya 3 na 1 ikubali), fuma mfumo mmoja mpaka uzi uishe, kisha laza vipande vinne mezani na upime eneo la kila kimoja. Ni kazi ya jioni moja au mbili, na hakuna maelezo yatakayokuonyesha tofauti kama vipande vile vinavyokuonyesha.

Mkononi mwangu, punje ndiyo inayotoa eneo kubwa kuliko zote, sega linafuata kwa karibu, misuko inapungua kwa sababu kila mpishano unavuta kitambaa ndani, na ribu nene inabaki nyuma kabisa. Katika daftari langu, vizibao vinne vya kimo kimoja, upana 60 na urefu 64, vilitoka hivi: punje gramu 480, sega 530, misuko 620, ribu nene 780. Kile cha 780 ndicho kilichomchosha mama.

Ukitaka kujua kizibao chako kitakula uzi kiasi gani kabla hujanunua wote, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15 na ukipime kwenye mizani ya kidijitali, ile wanayotumia wapika keki. Eneo la kipande ni sentimita za mraba 225. Mbele na nyuma ya kizibao cha 60 kwa 64 ni 7,680, yaani mara 34 ya kipande. Kipande kikiwa na gramu 14, kizibao kitakaribia gramu 480. Unachopunguza kwenye shingo na matundu ya mikono kinarudi kwenye ribu za ukingo, yaani pindo la mistari linalovutika, kwa hiyo hesabu haiendi mbali. Nunua uzi wote siku moja na uangalie namba ya rangi kwenye lebo ya kila bonge iwe ileile. Nyeusi ya mwezi huu na nyeusi ya mwezi ujao zinaweza kufanana dukani na kuachana ukifika juani.

Ugumu na muda

Punje haina cha kukariri, lakini inachosha, maana kila baada ya kitanzi unahamisha uzi mbele na nyuma. Ukikosea kitanzi kimoja unaona mstari uliokatika, na kukirekebisha ukiwa umeshapanda safu tano kunahitaji subira.

Sega ndilo linaloenda haraka kwangu. Safu moja kati ya nne ni ya kawaida tupu, mkono unapumzika, na vile vishimo vinakuhesabia safu vyenyewe: mstari wa vishimo ni safu nne. Ukisimama kutazama sufuria, ukirudi unajua uko wapi.

Misuko inatisha wanaoanza kuliko inavyostahili. Ukiacha ile safu ya kupishanisha, zilizobaki unafuma unachokiona. Sindano fupi ya kushikia vitanzi si lazima ununue. Kipande cha spoku ya baiskeli kilichosuguliwa ncha kinatosha, na ile shingo yake iliyopinda inazuia vitanzi visiteleze. Kinachotakiwa ni karatasi na kalamu kando, uweke alama kila safu. Tena ongeza vitanzi tangu mwanzo, mimi huongeza 2 kwa kila msuko wa vitanzi 6, vinginevyo kizibao bwanga kitatoka cha kubana.

Ribu nene ina safu moja tu ya kujifunza, na kwa hilo ni rahisi. Ugumu wake ni wa aina mbili. Kwanza inakwenda polepole, kwa sababu safu mbili unazofuma zinakupa urefu wa safu moja. Pili, kitanzi kikidondoka, kukirudisha ni kazi, kwa vile kila kitanzi kimefungamana na cha chini yake. Dawa yake ni uzi wa usalama: kila sentimita 10 pitisha uzi wa kushonea wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano na uuache humo. Ukiharibikiwa unafumua mpaka pale tu.

Neno kuhusu sindano. Zile za zamani tulizorithi kwa mama na shangazi zina namba za Kiingereza, ambazo namba ikipanda unene unashuka: namba 6 ni milimita 5, namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni 3.25. Spoku nzima ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, ni nyembamba mno kwa kizibao hiki. Mianzi, ambayo huku tunaijua zaidi kwa ulanzi, inatoa sindano nzuri sana ukichonga na kusugua kwa msasa mpaka isikwaruze uzi.

Mkao baada ya miezi

Kwangu hiki ndicho kigezo kikubwa, na ndicho kinachosahauliwa, kwa sababu siku ya kumaliza kila kizibao kinapendeza.

Punje hairefuki ovyo. Inakaa bapa, kingo zake hazijikunji, na hata ukiifuma bila ribu chini inatulia. Tabia yake ni kutanuka kwa upana, kwa hiyo ukiona kipande chako kinalegea tumia sindano nyembamba zaidi kwa nusu milimita. Inavumilia msuguano pia. Haina kitu kilichojitokeza cha kunasa, ndiyo maana naiona inafaa kwa mtu anayebeba kapu la chai mgongoni huko Mufindi au Rungwe.

Misuko ni migumu kidogo, inasimama, na ule ugumu unaizuia isivutike ingawa ni mizito. Ina heshima ya nguo ya kutokea. Kwa mtu mnene wa mwili, misuko minene upande mzima wa mbele inamwongezea unene, lakini misuko miwili myembamba inayoshuka wima inakaa vizuri.

Sega linabadilika. Likiwa kavu limejikusanya, likilowa linafunguka na kurefuka. Usipime kipande chako cha majaribio kabla hujakifua na kukikausha. Nimeona kipande cha sentimita 15 kikitoka kwenye maji kikiwa 17, na kwenye kizibao kizima tofauti hiyo ni mtu kuazima nguo ya jirani.

Ribu nene inanyooka kwa upana kuliko yote na inarudi, na hiyo ni neema kwa mwili unaobadilika. Kwa urefu, uzito wake unaivuta na hairudi yote. Ukiipenda, na ina haki ya kupendwa, ifume fupi, ikomee kiunoni, kwa uzi mwepesi, na uishonee utepe wa pamba kwenye mshono wa mabega kupita nyuma ya shingo. Utepe ule haunyooki, ndio unaobeba uzito badala ya vitanzi. Hata kwa mifumo mingine mitatu naushona siku hizi.

Jaribio langu ni hili. Kipande kilichofuliwa nakibana juu kwa vibanio vya nguo, chini natundika kufuli, nakiacha kining'inie usiku kucha. Asubuhi napima. Kikiwa kimeongezeka zaidi ya sentimita 1 kwa kila 15, nashusha sindano au nabadilisha mfumo. Bonge la uzi bado zima, hakuna hasara.

Kufua na kukausha

Hakuna mfumo kati ya hii minne unaostahili kuanikwa kwenye kamba. Unakamua kwa kuviringisha ndani ya kanga kavu na kukandamiza, kisha unalaza kwenye mkeka kivulini. Tofauti iko kwenye siku. Iringa, hewa ikiwa kavu na upepo upo, punje na sega hukauka siku moja, misuko na ribu nene siku ya pili. Tukuyu, ambako mvua na ukungu huja miezi mingi ya mwaka, ribu nene inaweza kukaa siku tatu na ikaanza kunuka kabla haijakauka. Misuko hukauka vibaya pale panapopishana: ukigusa juu ni pakavu, ukibonyeza ni pabichi. Anayeishi huko, au ana kizibao kimoja tu cha kuvaa na kufua, aanze kufikiria punje au sega.

Uzi unabadilisha majibu

Dukani wengi wetu tunapata akriliki. Ni nyepesi, inakauka upesi, bei yake inavumilika. Ila inayeyuka kwa moto na kunata kwenye ngozi, na kizibao bwanga kina pindo pana linaloelea. Anayepika kwa kuni au mkaa asikivae akiinama juu ya jiko, au afumiwe cha sufu, maana sufu haishiki moto kirahisi na inaendelea kutoa joto hata ikiwa na unyevu. Pamba katika ribu nene siishauri kabisa. Ni nzito tangu mwanzo na ikilowa inazidi.

Sufu nzuri mara nyingi naipata kwenye masweta ya mtumba. Nachagua yaliyofumwa kwa vipande na kushonwa, nafumua mishono, nakunja uzi, naufua na kuuning'iniza unyooke. Kujua ni uzi gani, choma kipande kidogo juu ya sahani ya bati: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka, pamba inanuka karatasi, akriliki inayeyuka na kubaki kitone kigumu. Na uzi mwembamba wa koni, ule wa sweta za shule, usiudharau. Shika nyuzi mbili au tatu pamoja, unapata unene mzuri kwa punje na sega.

Akriliki usiipige pasi. Vishimo vya sega na matuta ya ribu vinalala na havisimami tena.

Kwa hali yako

Kama unaanza kufuma na hiki ndicho kizibao chako cha kwanza, sega litakulea vizuri kwa sababu linakuonyesha ulipo. Kipande cha mbele cha vitanzi 97 (3 mara 32, ongeza 1) kwa uzi unaotoa vitanzi 16 kwa sentimita 10 kinakupa upana wa 60, na hicho kinamtosha mtu wa kifua cha 92 kikabaki bwanga. Tundu la mkono liache sentimita 25. Kama unajua kawaida na kinyume lakini hesabu zinakuchosha, punje haitakuuliza hesabu yoyote.

Dereva wa bodaboda, au mtu anayefika soko la Mwanjelwa alfajiri kushusha mizigo: punje, sindano ndogo kidogo, chini ya jaketi. Mwanafunzi wa chuo anayekaa chumbani na vitabu mpaka usiku, ambaye hatoki kwenye upepo, ribu nene fupi itampa raha ambayo punje haiwezi. Mjamzito pia. Itapanuka naye na kurudi naye, alimradi urefu umeudhibiti na mabega yana utepe.

Ukifuma kwa zawadi ya harusi au nguo ya ibada, na una uzi wa kutosha na miezi miwili mbele yako, misuko inalipa jasho. Mfumie mtu wa Njombe au Mafinga atakayekivaa juu ya shati, siku za kutoka, akakiweka kabatini kimekunjwa. Kwa mtu wa Rungwe mpe misuko michache tu kifuani na pembeni ufume punje, kikauke.

Ukiwa na uzi mchache na huna uhakika wa kupata mwingine wa rangi ileile, acha misuko na ribu nene kwa safari nyingine.

Na kwa mzee anayeishi juu huko, Makete au vijiji vya kuelekea Kitulo ambako ni zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, anayeamka na baridi, akatoka kidogo, akarudi kwenye moto: hapo mimi nilifanya hivi. Kile cha kahawia nilikifumua chote. Uzi ulikuwa sufu ya mtumba, ukakubali kufuliwa na kunyooka. Nikafuma upya kwa sega, upana uleule, urefu 60, kwa kujua kwamba litaongezeka kidogo, utepe mabegani, matundu ya mikono sentimita 23. Kikachukua gramu 500. Kwenye zile 280 zilizobaki nilipata soksi jozi mbili na kofia. Alivaa vyote vipupwe viwili, na mara ya mwisho nilipokipima kilikuwa sentimita 63.